Mkondo Unarudi kwa Njia Ipi? Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Bodi za Kasi

Barua za safari hii kuhusu bodi za saketi za elektroniki zimeulizia upana wa njia (mistari ya shaba inayobeba ishara), kona, via na nyoka za kusawazisha urefu, yaani mikunjo ya kurefusha njia fupi. Karibu zote zinaitazama shaba ya juu, ile inayoonekana kwenye kioo cha kompyuta wakati wa kuchora. Majibu mengi yatawapeleka kwenye shaba ya chini yake, kwa sababu kila mkondo unaokwenda una mkondo unaorudi, na huo wa kurudi haujachorwa na mtu. Kwa wanaoanza: via ni tundu lililopakwa shaba ndani, linalounganisha tabaka moja na jingine, graundi ni shaba ya volti sifuri ambayo ishara zote huipimia.

Swali: Wataalamu, salaam. Nina bodi ya maikrokontrola inayosoma kumbukumbu ya flashi kwa SPI (mawasiliano rahisi kati ya chipu na chipu) ya megahezi 20. Njia zina sentimita 12. Toleo la kwanza halikuwa na tatizo. Baadaye nilifunga toleo jipya la maikrokontrola ileile, na sasa data inasomwa kwa makosa hata nikishusha kloki (mapigo yanayopanga wakati wa kusoma) hadi megahezi 1. Je, megahezi 20 nayo ni kasi ya kuogopa?

Jibu: Ushahidi umeuleta mwenyewe: makosa hayapungui ukifika megahezi 1. Basi idadi ya mapigo kwa sekunde haihusiki. Cha kuangalia ni muda ambao volti inatumia kupanda kutoka chini hadi juu. Chipu za kizazi kipya hujengwa kwa transista ndogo zaidi, na pini iliyokuwa ikipanda kwa nanosekunde 5 inaweza kupanda kwa nanosekunde 1 huku jina la chipu likibaki lilelile.

Piga hesabu hii. Kwenye FR-4, nyenzo ya kawaida ya bodi, ishara iliyo tabaka la nje husafiri kama sentimita 16 hadi 17 kwa nanosekunde moja. Zidisha kwa muda wa kupanda, kisha gawa kwa 6. Kwa nanosekunde 5 unapata karibu sentimita 14, kwa hiyo njia yako ya sentimita 12 ilikuwa bado ndani ya mpaka. Kwa nanosekunde 1 mpaka hauzidi sentimita 3. Ukishaupita, wimbi linafika mwisho wa njia, linakuta pini ya kipokeaji ambayo haimezi mkondo wowote wa maana, linarudi lilikotoka, linagonga chipu iliyolituma na kurudi tena. Data huvumilia hali hiyo kwa sababu husomwa baadaye, volti ikiwa imetulia. Kloki haivumilii. Volti ikiyumba katikati ya kupanda kwake, kipokeaji kinahesabu pigo moja kuwa mawili, na biti zote zinazofuata zinahama nafasi. Pigo likija mara milioni moja au mara moja kwa siku, kuyumba ni kulekule. Ndiyo maana hata njia ya riseti inaweza kuugua ugonjwa huu.

Kabla ya kugusa bodi, fungua programu ya chipu na upunguze nguvu ya pini ya kloki. Maikrokontrola nyingi zina rejista ya kazi hiyo. Makosa yakitoweka, umepata uthibitisho. Dawa ya kudumu ni rezista moja kwenye kloki, ndani ya sentimita 1 kutoka chipu inayotuma. Impidansi (upinzani ambao ishara inayobadilika hukutana nao) ya pini inayotuma ikijumlishwa na rezista ifikie impidansi ya njia. Pini yenye ohmu 20 kwenye njia ya ohmu 50 inataka rezista ya 27 au 33. Usiiweke upande wa kipokeaji, maana huko haizuii chochote. Njia ambayo kumbukumbu ndiyo inayotuma, yaani ile ya data inayorudi, rezista yake hukaa kwenye kumbukumbu.

Ukiwa na vipokeaji viwili, kuna mtego. Rezista ya namna hii hutoa nusu ya volti kwanza, na nusu ya pili hukamilika wimbi likisharudi kutoka mwisho. Kipokeaji kilicho katikati ya njia kinaiona kloki imesimama kwenye nusu ya volti kwa muda, mahali pabaya kuliko pote. Viweke vyote viwili mwisho wa njia, karibu karibu, au toa matawi mawili kutoka kwenye chipu, kila moja na rezista yake.

Swali: Nimechora bodi ya matabaka manne: ishara juu, graundi, umeme, ishara chini. Tabaka la umeme limegawanywa kati ya volti 3.3 na volti 5, na njia kumi na sita za data zinapita chini ya mpasuko huo. Programu ya kuchora haikuonyesha kosa hata moja. Bodi inafanya kazi, lakini imeshindwa kipimo cha mionzi (mawimbi ya redio yanayovuja kutoka kwenye bodi). Nimeambiwa mpasuko ndio chanzo. Kivipi, wakati njia zenyewe hazikukatika?

Jibu: Programu huangalia kama shaba inayotakiwa kugusana imegusana na isiyotakiwa haikugusana. Mkondo wa kurudi hauna mstari kwenye mchoro, kwa hiyo hakuna kosa la kuonyesha. Hilo ni pengo kubwa katika ukaguzi, na ni bora ulikague kwa macho kila mara, njia moja moja.

Umeme wa DC hurudi kwa njia yenye rezistansi ndogo, na husambaa tabaka zima. Masafa yakipanda hadi megahezi chache, indaktansi (tabia ya kitanzi cha mkondo kupinga mkondo usibadilike) ndiyo inayotawala, na indaktansi ndogo kuliko zote inapatikana pale mkondo wa kurudi unapojibana chini ya njia yenyewe. Kama tabaka la shaba liko mm 0.2 chini ya njia, karibu asilimia 80 ya mkondo wa kurudi hupita ndani ya mm 0.6 kila upande. Kwa hiyo kila njia ina kivuli chake kwenye shaba ya jirani, na kivuli hicho ndicho nusu ya pili ya saketi. Hakihitaji shaba hiyo iwe graundi. Hata tabaka la volti 3.3 linafaa, mradi lisikatike.

Njia zako zinapovuka mpasuko, kivuli kinafika ukingoni kinakosa pa kupita. Kinazunguka hadi kwenye kapasita iliyo karibu (kifaa kinachopitisha mkondo unaobadilika na kuzuia DC), kinashuka graundi, kinapanda kwa kapasita nyingine upande wa pili. Kitanzi kilichokuwa na kimo cha mm 0.2 sasa kina sentimita kadhaa, na kitanzi cha namna hiyo ni antena. Isitoshe, njia zote kumi na sita zinachangia mzunguko huohuo, kwa hiyo kila moja inaingiza kelele kwa wenzake. Biti nyingi zikibadilika kwa pamoja, hapo ndipo kipimo cha mionzi kinaporuka.

Kama bado una nafasi ya kuchora upya, zihamishe njia hizo tabaka la juu, lililo jirani na graundi kamili. Bora zaidi, na ndio mpangilio tunaoupendekeza kwa bodi nyingi za matabaka manne zenye chipu za kasi, fanya tabaka la pili na la tatu yote mawili kuwa graundi, kisha umeme uupitishe kwa vipande vipana vya shaba kwenye matabaka ya nje. Wengi husita wakidhani tabaka la umeme lililo jirani na graundi ni kapasita kubwa wanayoipoteza. Katika bodi ya mm 1.6 yenye pripregi (karatasi ya nyuzi za kioo na gundi kati ya shaba na shaba) ya mm 0.2 juu na chini, kiini cha katikati kina zaidi ya mm 1, na kapasitansi yake ni kama pikofaradi 3.5 tu kwa kila sentimita ya mraba. Hupotezi kitu.

Kama bodi imeshatengenezwa na lazima uiokoe, kapasita za nanofaradi 10 hadi 100 za ukubwa wa 0402 (kama mm 1 kwa 0.5) zinazounganisha pande mbili za mpasuko, mm chache tu kutoka kwenye njia, hupunguza maumivu. Lakini kapasita pamoja na via zake ina indaktansi ya karibu nanohenri 1, ambayo kwa gigahezi 1 ni zaidi ya ohmu 6. Kwa njia moja si mbaya. Kwa njia kumi na sita zinazotumia kapasita moja, ni daraja jembamba mno. Weka moja kwa kila njia mbili au tatu.

Kagua pia mpasuko ambao hukuuchora. Konekta yenye safu ndefu ya pini, au via zilizopangwa mstari mmoja, kila moja hukata duara kwenye graundi. Maduara yakigusana, yanakuwa ufa mrefu. Zisogeze via ili shaba ipite katikati yake. Na wale wanaogawanya graundi ya analogi na ya dijitali kwa mpasuko: mara nyingi mngefanikiwa zaidi kwa kuiacha graundi moja nzima na kutenganisha vifaa, analogi kona moja, dijitali nyingine, bila njia ya dijitali kukatiza kwa majirani.

Swali: Nimeweka vipimo vya bodi yangu ya matabaka mawili, unene mm 1.6, kwenye kikokotoo. Kinaniambia njia ya ohmu 50 iwe na upana wa mm 3. Pini za chipu zina mm 0.25! Nimekosea wapi? Ninataka kupitisha USB.

Jibu: Hujakosea. Impidansi hutokana na uwiano wa upana wa njia na kimo chake juu ya shaba ya kurudi, na kwa FR-4 uwiano wa ohmu 50 tabaka la nje uko karibu na 1.9. Kimo cha mm 1.6 kinadai mm 3. Kimo cha mm 0.2 cha bodi ya matabaka manne kinadai kama mm 0.35 hadi 0.38. Hapo ndipo fedha ya tabaka la tatu na la nne inapokwenda, na ni fedha yenye kazi.

Kuhusu USB, tuulize kwanza ni USB ipi. Ile ya megabiti 12 kwa sekunde hupanda kwa nanosekunde 4 hadi 20. Kwa hesabu ya jibu la kwanza, mpaka wake ni kama sentimita 11, kwa hiyo kwenye bodi ndogo ichore jinsi unavyopenda, mradi nyaya zake mbili zipite pamoja juu ya graundi. Ile ya megabiti 480 inaweza kupanda kwa pikosekunde 500, na mpaka unashuka hadi sentimita 1.4. Hiyo inataka jozi ya ohmu 90. Kwenye matabaka mawili unaweza kuifikia kwa kuileta graundi juu, kandokando ya jozi, kwa mwanya mwembamba kadiri kiwanda kinavyoruhusu. Graundi ya kando inafanya kazi ambayo ile ya chini imeshindwa kwa umbali, na upana wa njia unaweza kushuka chini ya mm 1. Chagua kwenye kikokotoo aina ya njia yenye graundi ubavuni, na uishone graundi hiyo ya juu na ya chini kwa via kila mm 3 hadi 5. Isogeze chipu karibu na konekta. Sentimita 2 zenye impidansi isiyo kamili hupita. Sentimita 10 ni bahati nasibu.

Jambo moja kuhusu kiwanda. Usikisie unene wa pripregi. Omba jedwali lao la matabaka kabla ya kuchora, tumia kimo chao na kigezo chao cha dielektriki (namba ya nyenzo inayoamua kasi ya ishara). Rangi ya kinga ya lehemu nayo hushusha impidansi ya tabaka la nje kwa ohmu moja hadi tatu hivi. Ukiagiza bodi ya impidansi iliyodhibitiwa, andika kwenye maelezo ya utengenezaji: tabaka, upana wa njia, shaba ya kurudi ni ipi, na thamani unayotaka. Kiasi cha kawaida cha kupungua au kuzidi ni asilimia 10. Usipate homa kwa ohmu 3. Njia ya ohmu 65 inapokutana na ya ohmu 50 hurudisha kama asilimia 13 ya wimbi. Ya ohmu 55 hurudisha chini ya asilimia 5.

Swali: Je, kona ya nyuzi 90 huharibu ishara? Mwalimu wetu anakata maksi kwa kila moja.

Jibu: Kwa njia ya mm 0.35, kona ya mraba huongeza kapasitansi ya sehemu chache za mia za pikofaradi na kuchelewesha ishara kwa kama pikosekunde 1. Chini ya gigahezi kadhaa hutaiona kwa kifaa chochote. Via moja iliyowekwa ovyo ina madhara makubwa zaidi kuliko kona kadhaa. Chora kwa nyuzi 45, ni safi na programu zote hufanya hivyo zenyewe, lakini ukitafuta kosa kwenye bodi inayoyumba, usianze na kona.

Swali: Nimechora kumbukumbu ya DDR3-1600 (RAM ya biti milioni 1600 kwa sekunde kwa kila njia ya data), chipu mbili, matabaka sita. Njia zote za data na anwani nimezisawazisha kwa nyoka hadi tofauti ya mm 0.1. Imenichukua wiki mbili. Bodi imerudi na kumbukumbu inashindwa majaribio, hasa ikipata joto. Nimekosa nini?

Jibu: Pole kwa wiki mbili, maana nyingi ya nyoka hizo hazikuhitajika, na huenda baadhi ndizo zinazokuumiza.

Tuanze na kinachotakiwa. Biti moja ya DDR3-1600 huchukua pikosekunde 625. Kila kundi la biti 8 lina jozi yake ya DQS inayosema “soma sasa”. Biti 8 hizo, pamoja na DM (njia inayosema biti zipi zisiandikwe), zilingane na DQS yao. Pikosekunde 10 juu au chini, yaani kama mm 1.5, ni lengo zuri. Kundi moja halihitaji kulingana na kundi jingine. Anwani na amri hulingana na kloki, tena kwa uhuru zaidi kuliko data. Angalia mwongozo wa chipu inayoendesha kumbukumbu. Tofauti kati ya kloki na DQS ya kila chipu hurekebishwa wakati wa kuwasha, kama anwani zimepita chipu moja baada ya nyingine kwa mstari mmoja. Mm 0.1 ni kama pikosekunde 0.7, na haikukununulia chochote.

Halafu, ulisawazisha urefu au muda? Tabaka la nje huchukua kama pikosekunde 6 kwa mm, la ndani kama 6.9. Njia mbili za mm 30, moja nje na moja ndani, zinalingana kwa rula na zinapishana kwa pikosekunde 27. Ongeza urefu wa via, mm 1.2 ni kama pikosekunde 8, na urefu wa nyaya ndani ya chipu yenyewe, ambao watengenezaji wengi hutoa jedwali lake. Tiba rahisi ni kupitisha kundi zima, biti 8 na DQS yake, kwenye tabaka moja na kwa idadi moja ya via. Ukitaka kuepuka kusokotana, biti za kundi moja zinaweza kubadilishana nafasi. Hakikisha tu mwongozo hauikatazi biti ya kwanza.

Nyoka zenyewe zichunguze hivi. Mikunjo ikikaa karibu karibu, sehemu ya ishara huruka kutoka mkunjo hadi mkunjo bila kufuata shaba, na inafika mapema kuliko urefu unavyosema. Mwanya kati ya mikunjo uwe mara 3 hadi 4 ya kimo juu ya graundi. Kwa kimo cha mm 0.2 usishuke chini ya mm 0.6. Mikunjo mifupi mingi ni afadhali kuliko mirefu michache. Nyoka pia hula nafasi, na mchoraji akibanwa huisogeza njia jirani. Njia mbili zikiwa mm 0.55 katikati hadi katikati kwa kimo hicho, kelele inayovuka inaweza kukaribia asilimia 12. Zikiwa mm 1, inashuka chini ya 4. Ukilazimika kuchagua kati ya nafasi na usawa wa pikosekunde 5, chagua nafasi.

Sasa kuhusu joto. Shusha kloki hadi megahezi 400, ambayo DDR3 inaikubali. Makosa yakiisha, tatizo lina uhusiano na muda, na usawa wa njia ndio wa kwanza kukaguliwa. Yakibaki, angalia VREF, volti ambayo ishara hulinganishwa nayo: iwe volti 0.75, na kapasita ya nanofaradi 100 kwenye kila pini, na isipite sambamba na njia za data. Angalia pia kama rezista za kumalizia anwani zipo mwisho wa mstari, baada ya chipu ya pili, na zimeunganishwa na VTT, volti ya kumalizia njia. Zikiwa katikati, chipu ya pili inaning’inia kwenye kishina, yaani kipande cha njia kisichomaliziwa. Na, kama kawaida, fuata kivuli cha kila kundi uone kama shaba ya kurudi ni nzima kuanzia chipu hadi chipu.

Swali: Kitabu kimoja kinasema nyaya mbili za jozi ya tofauti (zinazobeba ishara moja kwa volti zinazopingana) hurudishiana mkondo zenyewe, hivyo hazihitaji graundi. Ni kweli? Na kwa PCIe (kiungo cha kasi kati ya vifaa vya ndani ya kompyuta), urefu wa nyaya mbili nisawazishe wapi?

Jibu: Ni kweli kwa kebo iliyosokotwa. Kwenye bodi, waya ulio mm 0.15 juu ya shaba na mm 0.2 kutoka kwa pacha wake umeshikamana zaidi na shaba. Sehemu kubwa ya mkondo wa kila mmoja hurudi kwenye tabaka la chini yake, kwa hiyo mpasuko unaudhuru vilevile.

Sawazisha pale tofauti inapozaliwa. Jozi ikikata kona, waya wa nje unarefuka. Kwa nafasi ya mm 0.4 katikati hadi katikati, kona ya robo duara iliyochorwa kwa mikato miwili ya nyuzi 45 inaongeza kama mm 0.66, yaani pikosekunde 4. Kwa USB ya megabiti 480, yenye biti ya pikosekunde 2,083, achana nayo. Kwa PCIe ya gigatransfa 8 (biti bilioni 8 kwa sekunde), biti ina pikosekunde 125, na pikosekunde 4 zinageuza sehemu ya ishara kuwa kelele inayokwenda upande mmoja kwa nyaya zote mbili, ile inayotoka nje kupitia kebo. Ukisawazisha mwisho wa njia, ishara imeshasafiri ikiwa imeyumba. Kona ya kulia ikifuatwa karibu na ya kushoto hujifuta yenyewe. Usiongeze mkunjo hapo.

Kapasita za kuzuia DC ziwe nanofaradi 220 kwa kasi hiyo, zikae sambamba, moja isitangulie nyingine. Pedi ya 0402 ni pana kuliko njia, na hushusha impidansi. Ondoa graundi iliyo moja kwa moja chini ya pedi, si zaidi. Diodi za kinga kwenye konekta ziwe chini ya pikofaradi 1, na njia ipite juu ya pedi yake, isichomoze tawi.

Swali: Ishara ya gigabiti 10 kwa sekunde, bodi ya matabaka 16, unene mm 2.4. Natoka tabaka la 1 kushuka la 3. Nimeambiwa via yangu ina “mkia”. Ni hatari?

Jibu: Via inatoboa bodi yote, nawe unaitumia kwa sehemu ndogo ya juu. Karibu mm 2 za shaba zinaning’inia bure. Mkia huo humeza ishara kwenye masafa ambayo urefu wake ni robo ya wimbi: kwa mm 2 ni kama gigahezi 19 kwa hesabu, na pedi zikiongeza kapasitansi, hushuka zaidi. Ishara yako ina nguvu kubwa hadi gigahezi 5 na hamoniki yake ya tatu (mara tatu ya masafa hayo) iko gigahezi 15, kwa hiyo umeshasogea karibu. Tiba isiyo na gharama ni kushuka tabaka la 14 badala ya la 3. Mkia unabaki mfupi sana. Vinginevyo omba kiwanda kiuchimbe mkia kwa nyuma. Ondoa pedi zisizotumika kwenye matabaka ya katikati.

Popote ishara ya kasi inapobadili tabaka, weka via ya graundi ndani ya mm 1, kwa sababu mkondo wa kurudi nao unahama kutoka graundi moja kwenda nyingine. Na upime umbali: FR-4 ya kawaida hula kama desibeli (kipimo cha kupungua kwa nguvu) 0.19 kwa sentimita kwa gigahezi 5, kabla ya kuhesabu shaba. Kwa sentimita 25 ni karibu desibeli 5. Nyenzo yenye kigezo cha upotevu cha 0.004 badala ya 0.02 hupunguza hiyo hadi moja ya tano.

Swali: Nimeweka rezista ya 33 kama mlivyoshauri toleo lililopita, lakini kwenye osiloskopu (kifaa kinachochora volti inavyobadilika) bado naona kloki inatetema kwa takriban megahezi 150. Nimejaribu 22, 47 na 68. Mtetemo haubadiliki.

Jibu: Mtetemo usiobadilika ukibadilisha rezista si wa njia. Tazama waya wa graundi wa probu (kalamu ya kupimia ya osiloskopu), ule wenye kibanio cha mamba. Una kama sentimita 12, sawa na nanohenri 110 hivi, na ncha ya probu ina kama pikofaradi 10. Viwili hivyo vikikutana hutetema kwa karibu megahezi 150, hesabu ileile unayoiona kwenye kioo.

Chomoa kofia ya probu na waya wake. Tumia springi fupi ya graundi inayokuja na probu nyingi, au zungushia waya wa shaba wa sentimita 1 kwenye shingo ya probu, na uguse graundi iliyo jirani kabisa na pini ya kipokeaji. Indaktansi inashuka mara kumi na mtetemo wa probu unahamia karibu megahezi 500. Pima kwenye kipokeaji, si kwenye rezista. Pale kwenye rezista utaona ngazi ya nusu ya volti kamili, nayo ni halali. Angalia pia kifaa chenyewe: osiloskopu ya megahezi 100 haiwezi kuonyesha kupanda kwa kasi kuliko nanosekunde 3.5, hivyo ukingo wa nanosekunde 1 utaonekana mpole kuliko ulivyo. Pima upya, kisha urudishe rezista ya 33.